Shehia yetu tumeambiwa tuandike mpango wa maafa kabla ya masika, tuanzie wapi?

KijanaWaBondeni (Wete)

Assalamu alaykum wakubwa na wadogo. Nna suala na naomba wanijibu watu waliowahi kuzifanya hizi kazi. Mimi ni katibu wa kamati ya kukabiliana na maafa ya shehia yetu huku wilaya ya Wete, sheha katuita akatwambia wilayani wanataka kila shehia ipeleke mpango wake kabla masika hayajaingia, katupa na karatasi ya mfano ina vichwa vya habari vitupu, Utangulizi, Malengo, Majukumu ya Wadau, sisi tujaze. Baadhi ya wenzangu wanasema tuchukue wa shehia ya jirani tubadilishe majina tupeleke, kazi iishe.

Roho yangu haitaki hivo. Kwetu ni vilima na mabonde kama mnavojua Pemba ilivo, nyumba zimeshuka mpaka karibu na bonde la mpunga, mvua ikiwa kubwa maji yanapita ndani na udongo unaporomoka kutoka juu. Ile mvua ya Mei 2017 watu walipoteza nyumba na vyakula vyote vilivokuwemo, na mpaka leo kuna waliojenga pale pale. Na tukiuliza habari za mtaro, ukenda afisi hii unaambiwa nenda ile, ukenda ile unaambiwa si kazi yetu.

Sasa suala langu ni hili, mpango wa shehia uwe na nini khasa ili siku ya mvua umsaidie mtu? Na baraza la mji au halmashauri wao wajibu wao ni upi na wetu ni upi?

MstaafuWaMipango (Unguja)

Wa alaykum salaam mwanangu. Umefanya vizuri sana kukataa kunakili, mana mpango ulionakiliwa unataja maafa ya mtu mwengine. Nimefanya kazi ya mipango kwenye serikali za mitaa mpaka nikastaafu, na nitakujibu kwa urefu kwa sababu jambo hili linaniuma, nimeona mipango mizuri imefungwa kwenye kabati na mvua inanyesha nje.

Kwanza msingi wa sheria ili usibabaishwe. Tuna Sheria ya Kukabiliana na Maafa Namba 1 ya 2015, hiyo ndo iliyounda Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, na kamati zake zinashuka mpaka wilayani na kwenye shehia. Kwa hivo kamati yenu ipo kisheria, musijione watu wa kuitwa kugawa mablanketi tu. Halafu kuna Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya 2014, baraza la mji na halmashauri wako chini ya hiyo, na ukiangalia kazi zao za kila siku, taka, mitaro, njia za ndani, masoko, nusu ya hizo ndo kinga ya maafa yenyewe ingawa hakuna anaeziita hivo.

Sasa kazi. Ile karatasi uliyopewa ijazeni mwisho. Mwanzo tokeni, mzunguke shehia nzima kwa miguu, muwachukue na wazee wawili watatu wanaojua maji yalikuwa yakipita wapi kabla ya nyumba kujengwa, mana maji hayasahau njia yake, ukijenga juu yake yatarudi tu siku yakiwa mengi. Chukueni karatasi kubwa la manila, mchore vilima, bonde, njia, misikiti, skuli, visima, halafu mtie alama kila nyumba ambayo maji yamewahi kuingia na kila pahala udongo umewahi kuporomoka. Hii ramani ya mkono ina thamani kuliko kurasa zote za Utangulizi.

Juu ya ramani hiyo tieni watu. Hapa ndo wengi wanapokosea, wanaandika "hatari: mafuriko" wanamaliza. Mvua inampiga kila mtu sawa lakini haimuumizi kila mtu sawa, mwenye nyumba ya tofali juu ya kilima atalala na usingizi wake, na bibi anaemuuguza mume aliekuwa hawezi kuinuka kitandani, nyumba ya udongo, chini bondeni, huyo mvua ile ile ndo maafa. Kwa hivo muandike nani hawezi kutembea, nani mja mzito anakaribia, nani haoni, nani anaishi peke yake. Na kila jina liwe na jina la pili mbele yake, jirani atakaekwenda kumtoa, na huyo jirani aulizwe akubali mwenyewe, asijikute tu kaandikwa.

Halafu ishara. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoa tahadhari zao kwa ngazi, Angalizo ni njano, Tahadhari ni rangi ya machungwa, Tahadhari Kubwa ni nyekundu. Mpango wenu useme ikitoka njano nani anakwenda kuangalia kalvati kama limeziba, ikitoka ya machungwa nani anatangaza kwenye spika za msikiti na nani anaiweka skuli wazi, ikitoka nyekundu nani anaanza kuwatoa watu wa bondeni wala hasubiri simu kutoka wilayani. Mambo yasipoandikwa hivo, siku yenyewe kila mtu anasubiri amri ya mwengine na maji hayasubiri.

Na la mwisho ambalo watu hawapendi kulisikia. Sehemu kubwa ya kupunguza maafa haifanyiki siku ya mvua, inafanyika siku mtu anapopewa kiwanja. Sheha anajua kila nyumba inapoanza kuchimbwa msingi. Kama sheha na halmashauri watanyamaza mtu akijenga kwenye njia ya maji, basi kamati ya maafa itakuwa inawaokoa watu wale wale kila mwaka mpaka tuzeeke.

BiSebleni (Mjini, Unguja)

Ahsante mstaafu kwa hilo la viwanja, ungelisema mara mbili. Sisi huku mjini ndo ushahidi wa hayo. Sebleni na Mwanakwerekwe pale ni mabonde, zamani maji yalikuwa yakituama na kunywewa na ardhi taratibu, mji ukakua juu yake bila ya kupangwa, ikawa mvua ikinyesha njia ya Mwanakwerekwe inageuka ziwa, gari hazipiti, na watu wa Sebleni wanahamishwa na magodoro yao. Mradi wa ZUSP, ule wa huduma za miji ya Zanzibar, kwa fedha za Benki ya Dunia ndo uliojenga ile mitaro mikubwa ya kupeleka maji baharini, na nasema kweli hali imekuwa bora. Lakini tizama gharama, kukinga bonde lisijengwe ilikuwa kazi ya kalamu tu, kulitoa maji baada ya kujengwa ikawa kazi ya mabilioni.

Na mtaro ukishajengwa haujisafishi. Mifuko, nepi za watoto, matairi, vyote vinaingia humo. Kaka yangu wa Wete andika kwenye mpango wako tarehe ya kusafisha mitaro na iwe wakati wa kaskazi, Januari au Februari kukiwa kukavu, sio mvua ishaanza ndo watu wanashika pauro.

Mimi khasa nilitaka nisemee wanawake mana mipango hii wanaandika wanaume watupu. Mstaafu umesema skuli ndo watu watakwenda. Jee skuli ina vyoo vingapi vinavofanya kazi? Vina mlango wa kufunga kwa ndani? Maji yapo? Ufunguo unao nani usiku wa manane, mlinzi au mwalimu mkuu anaeishi mbali? Mama mwenye mtoto mchanga usipompa pahala pa stara atarudi kwenye nyumba yake ilojaa maji, nawajua waliorudi. Na mtu atoke na nini, wekeni kabisa kwenye tangazo, dawa za anaeumwa, vyeti, kitambulisho, kanga mbili tatu, maji ya kunywa.

Halafu visima. Mafuriko yakiondoka ndo maafa ya pili yanaingia, vyoo vya shimo vimefurika vimechanganyika na maji ya kisima. Kipindupindu cha 2015 na 2016 hatujakisahau. Andikeni orodha ya visima vyote, na nani anamwita bwana afya kuja kutia klorini kabla watu hawajaanza kuchota tena.

Maweni_Micheweni

Nimesoma yote mazuri lakini mimi ntasema tofauti kidogo, msinielewe vibaya. Kwanza kuna hii tabia ya kudhani maafa ni mafuriko tu. Huku kwetu Micheweni ni mawe matupu, mvua ikiwa kidogo ndo balaa letu, na upande wa pwani maji ya chumvi yanaingia kwenye mabonde ya mpunga, bonde babu zetu walikuwa wakilima leo halioti kitu. Hayo hayaji usiku mmoja kwa kishindo kwa hivo hakuna anaeleta gari ya msaada wala kamera, lakini familia inakosa chakula kile kile cha mwaka. Kamati zetu zinayaandika hayo? Mikoko ikikatwa kwa kuni na kwa boriti ndo tumeifungulia bahari mlango, mpango wa maafa wa shehia ya pwani usiotaja mikoko hauna maana.

La pili, mpango bila ya pesa ni karatasi. Tunaambiwa tuandike, tukishaandika tunaambiwa fungu hakuna. Na watu wanajenga bondeni kwa sababu kiwanja cha juu hawakimudu, wakiambiwa hameni waende wapi? Wenzetu wa nchi tajiri wana ving'ora na helikopta, sisi tuna sheha na baskeli.

NahodhaMkoani

Ndugu yangu wa Micheweni la chumvi na mikoko nakuunga mkono mia kwa mia. Ila hilo la utajiri nakupinga kwa heshima. Bangladesh si nchi tajiri, mwaka 1970 kimbunga kiliua watu zaidi ya laki tatu kule. Wakaanza kupanga kijiji kwa kijiji, watu wa kujitolea wana bendera na spika za mkononi, leo ni zaidi ya elfu sabini na karibu nusu yao wanawake. Mei 2020 kilipokuja kimbunga Amphan waliwahamisha watu zaidi ya milioni 2 kabla hakijafika na waliokufa Bangladesh wakawa makumi tu. Pesa ilihitajika ndio, majengo ya kukimbilia yalijengwa, lakini kinachomtoa mtu nyumbani kwake usiku ni jirani anaemuamini kaja kugonga mlango. Hiyo sheha na baskeli anaiweza.

Na kisiwa kimoja cha Indonesia kinaitwa Simeulue, wao wazee waliwahadithia watoto tokea sunami ya 1907 kwamba ardhi ikitikisika na bahari ikirudi nyuma kimbieni mlimani musiokote samaki. Tarehe 26 Disemba 2004 sunami ilipopiga, kisiwa chenye watu zaidi ya elfu sabini walikufa saba. Sisi tumezungukwa na bahari hiyo hiyo ya Hindi, mawimbi ya siku ile yalifika mpaka Dar yakaua watu. Watoto wetu wa pwani ya Mkoani nani kawahadithia?

Mimi ni mtu wa bahari nitasemea bahari. Kila Mpemba anajua usiku wa Septemba 10 mwaka 2011, MV Spice Islander imetoka Unguja inakuja Pemba imejaza kupita kiasi ikazama mkondo wa Nungwi. Maiti 203 zilipatikana na wengi zaidi hawakuonekana mpaka leo. Na mwaka haujaisha vizuri, Julai 2012 ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Mimi nasema lile lilikuwa somo la mipango kuliko la bahari. Abiria hawakujulikana idadi yao, kwa hivo hata kuomboleza watu waliomboleza bila ya hesabu. Shehia zenye madiko na bandari ziweke kwenye mpango wao daftari la vyombo, chombo gani kimetoka, na watu wangapi, kitarudi lini, na kama hakijarudi nani anapigiwa simu, KMKM (kikosi cha kuzuia magendo, walinzi wa bahari yetu) au nani. Daftari la mistari halihitaji msaada wa kutoka nje.

Halafu kuna wanaosema vimbunga havifiki kwetu. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu, Pemba ikapona, na ndo moja ya sababu karafuu mpaka leo ni ya Pemba. Mei 2024 Hidaya alikuja mpaka karibu na Mafia kabla hajapungua nguvu, boti za Dar na Unguja zikasimamishwa. Walosimamisha safari siku zile walifanya kazi yao na watu walinung'unika, lakini kazi ya kinga ndo ilivo, ikifanikiwa hapana kitu kitakachotokea na utalaumiwa kwa kumpotezea mtu safari yake.

Jengine, kila shehia iandike yake khasa. Kisiwa Panza mwezi wa Machi 2024 watu tisa walikufa, wanane katika hao watoto, kwa kula nyama ya kasa yenye sumu, na Novemba 2021 walikufa watu saba Pemba kwa kasa vile vile. Hilo huwezi kulikuta kwenye mfano wa karatasi wa mtu yeyote. Mtu wa kule akinakili mpango wa Wete ataandika mafuriko na watoto wataendelea kula kasa.

KijanaWaBondeni (Wete)

Wallahi mmenifungua macho, nimeshayaandika yote kwenye daftari. Nna mawili yamebakia. Kuna mzee mmoja wetu bondeni kila mwaka anakataa kutoka, anasema kazaliwa pale na Mungu ndo mwenye kuamua. Na la pili, kalvati letu ni dogo, bomba moja tu, maji hayatoshei, hilo sisi hatuliwezi kwa kujitolea. Tunalipeleka vipi lisiishie kwenye ile nenda hii nenda ile?

BiSebleni (Mjini, Unguja)

La mzee usimpelekee kamati nzima na karatasi, atajiona anafukuzwa. Mpelekeeni imamu wake au mtoto wake wa kike, na muende siku ya jua, sio siku ya mvua. Muulizeni anaogopa kuacha nini. Mara nyingi ni kitu, mbuzi, karafuu zake zilizoanikwa zikaingizwa ndani, pesa chini ya godoro. Wa kwetu mmoja alikuwa hatoki kwa sababu ya kuku, tulipompatia banda la kuwahamishia akawa wa kwanza kutoka. Na kuhusu Mungu, mwambieni hakuna anaepinga, na Mtume kafundisha mtu amfunge ngamia wake kisha atawakali.

MstaafuWaMipango (Unguja)

La kalvati sikiliza vizuri. Mwaka wa fedha unaanza Julai, na halmashauri na mabaraza wanatengeneza bajeti miezi mingi kabla yake, kwa hivo ukipeleka ombi Aprili maji yakiwa yashaingia unaambiwa fungu hakuna na wanasema kweli, pesa imeshagaiwa. Peleka sasa. Na usiandike "tunaomba tusaidiwe kalvati". Andika lilipo, upana wake, picha likiwa kavu na picha likiwa limefurika, nyumba ngapi ziko chini yake, watoto wangapi wanapita hapo kwenda skuli, na ile ramani yenu ya manila mkaipige picha muibandike. Kwanza uliza ile njia ni ya nani, kama ni barabara kuu mwenyewe mwengine, kama ni ya ndani ni ya baraza, hapo ndo nenda hii nenda ile inapokatika. Barua ipitie kwa sheha, nakala kwa Mkuu wa Wilaya na kwa diwani wenu, na kila nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa, mukae nayo. Diwani akiwa nayo mkononi atasimama kwenye kikao aulize, bila ya karatasi hana cha kuuliza.

Na mkishamaliza mpango fanyeni zoezi, jioni moja tu, pigeni spika mjifanye imetoka nyekundu, muone nani kafika skuli na ufunguo uko wapi. Mtakayoyakuta siku hiyo ndo muyarekebishe kisha mpeleke wilayani.

KijanaWaBondeni (Wete)

Ahsanteni sana. Kesho baada ya laasiri tunaanza kuzunguka, mzee wa msikiti wa juu kakubali kutuongoza na mwalimu wa skuli katoa manila. Wa kamati nyengine walioko humu, kama mna orodha ya visima au daftari la vyombo mlilokwisha kulitengeneza, nitumieni picha nione mlivopanga safu zake.